Kuhamia Linux bila Kusimamisha Kazi: Nyumbani Kwanza, Kisha Ofisini

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na ofisi nyingi ndogo za Afrika Mashariki zilifikiwa na tarehe hiyo kabla hazijajiandaa. Kompyuta nyingi tunazotumia huku ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo kwa miaka kadhaa, zikasafishwa na kuuzwa tena katika maduka yetu: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Ni mashine imara. ThinkPad T450 ya mwaka 2015, ikiwa na RAM ya GB 8 na diski ya SSD, bado inamfanyia mhasibu kazi zake za siku nzima bila kukwama. Hata hivyo, Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au cha baadaye, ilhali T450 ina ya kizazi cha 5. Mwenye mashine hiyo amebaki na njia chache: kununua kompyuta nyingine, kuendelea na mfumo ambao matundu yake ya usalama hayazibwi tena kama kawaida, kumwita fundi amwekee Windows 11 kwa njia za kukwepa masharti, au kuhamia mfumo endeshi mwingine.

Mwongozo huu unahusu njia ya mwisho, yaani kuhamia Linux, na umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta yake binafsi na pia mwenye dhamana ya kompyuta za ofisi ndogo. Mimi nilianza na kompyuta mpakato yangu, kisha nikahamisha kompyuta 11 za ofisi ya uhasibu ninayoihudumia. Kusakinisha Linux kwenye mashine moja kulichukua takribani nusu saa, lakini kuihamisha ofisi kulichukua miezi mitatu. Tofauti kati ya nusu saa na miezi mitatu ndiyo maudhui halisi ya mwongozo huu, kwa sababu kinachohamishwa ni nyaraka, printa, barua pepe na mazoea ya watu, na mfumo endeshi ni sehemu ndogo tu ya safari hiyo.

Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza ni huu: badilisha programu kwanza ukiwa bado ndani ya Windows, uzizoee, kisha ndipo ubadilishe mfumo wenyewe. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa, linalofanya kazi za polisi, lilifuata mpangilio huo huo. Mwaka 2005 lilianza kuhamia programu za ofisi za OpenOffice, likafuatisha kivinjari cha Firefox na programu ya barua pepe ya Thunderbird, na mwaka 2008 ndipo lilipoanza kuweka Ubuntu kwenye kompyuta zake, ambazo leo ni makumi ya maelfu. Askari alipoikuta kompyuta imebadilika, programu alizozifungua kila asubuhi zilikuwa zile zile. Jiji la Munich nchini Ujerumani nalo lilihamisha takribani kompyuta 15,000, lakini mwaka 2017 baraza lake lilipiga kura ya kurudi Windows. Naitaja Munich makusudi, ili msomaji asidhani kwamba safari hii haina watu walioirudia njia waliyotoka.

Andika kazi zinazofanywa, kabla ya kuandika majina ya programu

Chukua daftari ukae na kila mtumiaji kwa dakika ishirini, umwombe akuoneshe anachofanya tangu anapowasha kompyuta mpaka anapoizima. Usimuulize anatumia programu gani, kwa kuwa atakutajia mbili au tatu na kusahau zile ambazo huzifungua mara moja kwa mwezi, na mara nyingi ni hizo za mwezi ndizo zinazokwamisha uhamiaji. Katika ofisi ninayoizungumzia, mhudumu wa mapokezi alisema anatumia Word peke yake. Nilipokaa naye niligundua kwamba kila Ijumaa huskani risiti, huunganisha kurasa za PDF, huchapisha bahasha, na hufungua jedwali la Excel lenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya jedwali) lililotengenezwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi miaka mingi iliyopita.

Ukimaliza, yagawe uliyoandika katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kazi zinazofanyika ndani ya kivinjari: mifumo ya kodi, huduma za benki, barua pepe za mtandaoni, WhatsApp ya kivinjari, mikutano ya video. Hizi hazijali mfumo endeshi, na utashangaa jinsi fungu hili lilivyo kubwa siku hizi. Fungu la pili ni kazi ambazo zina programu mbadala ya kuaminika: LibreOffice kwa nyaraka na majedwali, Thunderbird kwa barua pepe, VLC kwa video, GIMP kwa picha, Inkscape kwa michoro ya mistari. Zoom, AnyDesk na TeamViewer zina matoleo yake ya Linux.

Fungu la tatu ndilo la kuliangalia kwa macho mawili. QuickBooks ya kusakinishwa kwenye kompyuta, TallyPrime, AutoCAD na programu za Adobe hazina toleo la Linux. Ipo programu iitwayo Wine inayoweza kuendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, lakini sishauri ofisi itegemeze vitabu vyake vya hesabu juu yake, kwa kuwa sasisho moja linaweza kuvunja kilichokuwa kikifanya kazi jana. Ikiwa programu hiyo ina toleo la mtandaoni, kama ilivyo kwa QuickBooks, fikiria kuhamia huko. Ikiwa haina, acha kompyuta moja ya Windows kwa ajili ya kazi hiyo, au endesha Windows yenye leseni ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, kwenye mashine yenye RAM ya kutosha. Vilevile, kama ofisi inatoa risiti za kodi kwa mashine iliyounganishwa na kompyuta, au kama stakabadhi hutoka kwenye printa ndogo ya kaunta, muulize aliyeviuza kabla ya kugusa chochote. Mtu ambaye kazi yake yote ni kuchora kwa AutoCAD mwache alipo, kwani kumlazimisha ni kumwonea.

Toleo lipi la Linux

Linux yenyewe ni kiini tu cha mfumo, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Kinachosakinishwa ni kiini hicho pamoja na programu zilizopangwa kukizunguka, na wapangaji ni wengi, kila mmoja na toleo lake. Wingi huo huwachanganya wageni, nami sitauongeza. Kwa mtu anayetoka Windows, hasa mwenye kompyuta ya umri wa miaka minane au kumi, chukua Linux Mint. Menyu yake iko chini kushoto, upau wa kazi uko chini, saa iko chini kulia, na mtu hupata anachokitafuta bila kufundishwa. Toleo la Mint lenye sura ya Cinnamon linafaa kwa mashine yenye RAM ya GB 4 na zaidi. Lenye sura ya Xfce ni jepesi zaidi, na linafaa kwa zile zenye GB 2 au 4 na prosesa dhaifu.

Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, nayo itapata masasisho hadi mwaka 2029. Ubuntu yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na ambayo jina lake ni ndugu wa neno letu utu, ni chaguo zuri pia, ila sura yake inadai mazoea mapya. Katika ofisi chagua moja tu kwa kompyuta zote. Fundi mmoja mwenye matoleo matatu tofauti hataimudu hata mojawapo vizuri.

Wiki nne za mazoezi ndani ya Windows

Sakinisha LibreOffice, Firefox na Thunderbird kwenye Windows iliyopo, na uwaombe watumiaji wazitumie kwa wiki nne huku programu za zamani zikiwa bado zipo. Katika wiki hizo yatajitokeza matatizo ambayo, yangejitokeza baada ya kuhamia, lawama zote zingeiangukia Linux.

La kwanza ni fonti. Barua iliyoandikwa kwa Calibri, ikifunguliwa kwenye mashine isiyo na Calibri, hubadilisha urefu wa mistari, na ukurasa mmoja hugeuka kuwa mmoja na mistari miwili. Dawa yake ni fonti mbili za bure, Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana sawasawa na wa Calibri na Cambria, hivyo mistari hukatika pale pale. Fonti za Liberation hufanya kazi hiyo hiyo kwa Arial na Times New Roman. Mtu wa mapokezi akiona barua yake imesimama kama ilivyokuwa, hofu yake kubwa huisha.

La pili ni majedwali. Fomula za kawaida hufunguka bila taabu. Makro za Excel huenda zikafanya kazi nusu, au zisifanye kabisa, na vipengele vya Power Query, vya kuvuta na kupanga data, havipo. Fomula ya XLOOKUP ina mkasa wake: LibreOffice iliipata katika toleo la 24.8 la Agosti 2024, wakati Mint 22 huja na toleo la 24.2. Kwa hiyo jedwali linaloitumia litaonesha kosa mpaka usakinishe toleo jipya zaidi kupitia Flatpak, njia ya kusambaza programu ambayo imo ndani ya kidhibiti cha programu cha Mint. Nilipoteza siku mbili nikimtafutia mhasibu sababu ya makosa kwenye jedwali lake la mishahara kabla sijalijua hilo.

La tatu ni makubaliano ya namna ya kuhifadhi. Nyaraka za ndani ya ofisi zihifadhiwe katika muundo wa LibreOffice wenyewe, yaani ODT na ODS. Barua na ripoti zinazotoka nje zitumwe kama PDF. Pale tu ambapo mteja anatakiwa kuhariri ndipo itumwe DOCX au XLSX, na kabla ya kutuma ifunguliwe tena mara moja kuona kama imekaa sawa. Faili linalogeuzwa kutoka muundo mmoja kwenda mwingine kila siku huharibika kidogo kidogo, hasa vichwa vya kurasa na nambari za aya.

Kuna faida moja ambayo wengi hawaitarajii. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, na yeyote anayeandika barua nyingi kwa lugha hii ataona tofauti siku ya kwanza, mistari myekundu itakapoacha kujaa chini ya kila neno. Kazi ya kuileta lugha yetu katika programu huria ina historia: mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Barua pepe nazo zihamishwe sasa. Ikiwa ofisi ilikuwa ikitumia Outlook na barua zote zimehifadhiwa ndani ya faili la PST, ni rahisi zaidi kuziingiza kwenye Thunderbird wakati Outlook bado ipo kwenye mashine ile ile. Ukishaifuta Windows, kulifungua faili hilo kunakuwa kazi ya kuhangaika.

Nakala akiba na mitego ya Windows

Nunua diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, unakili mafaili yote ya mtumiaji, kisha uiunganishe na kompyuta nyingine na ufungue mafaili kumi hivi ya aina tofauti. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu kuwa ipo. Kumbuka mafaili yaliyo nje ya folda za kawaida: yaliyoko juu ya eneo-kazi, vialamisho na nywila za kivinjari, na hifadhidata za programu za hesabu ambazo mara nyingi hujificha moja kwa moja kwenye diski ya C.

Kisha angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoifanya diski isisomeke bila ufunguo. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni huwashwa kinga hiyo bila mwenyewe kujua. Tafuta ufunguo wake wa kurejesha, wenye tarakimu 48, ambao kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeianzisha kompyuta, na uuandike kwenye karatasi. Kama unakusudia kuacha Windows na Linux zikae pamoja kwenye diski moja, zima pia uwashaji wa haraka wa Windows kwa kufungua dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi na kuandika powercfg /h off. Usipofanya hivyo, Windows haizimiki kabisa bali hulala, na Linux itakataa kuandika kwenye sehemu ya diski iliyoachwa katika hali hiyo.

Kuandaa flashi na kujaribu

Faili la Mint lina ukubwa wa karibu GB 3, kwa hiyo lipakue mahali penye intaneti ya uhakika, na upakue kutoka tovuti rasmi tu. Baada ya hapo hakiki kwamba limefika zima. Ndani ya Windows fungua dirisha la amri, uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, halafu ulinganishe mfuatano wa herufi na tarakimu utakaotokea na ule uliochapishwa kwenye tovuti ya Mint. Zikitofautiana hata herufi moja, lifute na kupakua upya. Watu wengi huiruka hatua hii, kisha hushinda mchana kutwa wakilaumu kompyuta iliyokwama katikati ya usakinishaji, kumbe bando lilikatika na faili likafika pungufu.

Kuna programu iitwayo Rufus ambayo huliandika faili hilo kwenye flashi ya GB 8 na kuifanya iweze kuwasha kompyuta. Itafuta kila kilichomo ndani ya flashi. Chomeka flashi, washa kompyuta, na ubonyeze kitufe cha kuchagua mahali pa kuwashia: F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako, na hapo ndipo penye nafasi ya kupima kila kitu. Unganisha waifai, cheza sauti, fungua kamera, funga kifuniko na ukifungue uone kama inaamka, unganisha projekta, chapisha ukurasa mmoja, chomeka modemu. Usihukumu kasi yake katika hali hii, kwa sababu flashi ni nzito kuliko diski.

Waifai isipoonekana, mara nyingi chipu yake ni ya Broadcom na inahitaji draiva (programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa) isiyokuja na mfumo. Unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe ugawaji wa intaneti kupitia waya huo: Linux huitambua simu mara moja kama mtandao. Kisha fungua kidhibiti cha draiva kilichomo ndani ya Mint, nacho kitapendekeza inayofaa. Ikiwa kinga ya Secure Boot imewashwa, utaombwa kuweka nywila ya muda, na kompyuta ikiwaka tena itatokea skrini ya bluu inayoidai. Usiipite skrini hiyo, kwani draiva haitafanya kazi bila hatua hiyo.

Kwa printa, nyingi za HP hufanya kazi kwa msaada wa programu ya HPLIP ambayo imo tayari, na printa za mtandao za miaka ya karibuni kwa kawaida hujitambulisha zenyewe bila draiva. Matatizo yako kwenye baadhi ya printa ndogo za leza za bei nafuu, ambazo watengenezaji wake waliwafikiria watumiaji wa Windows peke yao. Ukikuta yako ni mojawapo, ijue leo ukiwa bado na flashi mkononi, usisubiri asubuhi ambayo barua ya zabuni inatakiwa saa nne.

Kusakinisha

Ukiridhika, bofya alama ya kusakinisha iliyoko kwenye eneo-kazi. Mfumo utauliza lugha, kibodi na eneo la saa. Chagua Dar es Salaam, Nairobi au mji ulio karibu nawe. Weka alama kwenye kisanduku cha kusakinisha viwezeshi vya sauti na video. Halafu linakuja swali pekee lenye uzito: ufute diski yote, au uiweke Linux kando ya Windows?

Kwa kompyuta binafsi ya mtu ambaye bado ana wasiwasi, kuiacha mifumo yote miwili ni jambo la busara, mradi awe ameshapunguza sehemu ya Windows kwa kutumia kidhibiti cha diski cha Windows chenyewe na kuacha angalau GB 50 tupu. Kwa kompyuta za ofisi, nashauri diski ifutwe yote. Mahali penye mifumo miwili, mtumiaji hurudi kwenye ule wa zamani kila anapobanwa, na miezi sita baadaye ofisi inakuwa na nyaraka zilizotawanyika pande mbili.

Kwenye kompyuta mpakato inayotoka nje ya ofisi, chagua pia kuifunga diski kwa nywila. Mwizi akiichukua, hatapata hesabu za wateja wako. Lakini nywila hiyo ikisahaulika hakuna fundi atakayeifungua, kwa hiyo iandikwe, itiwe kwenye bahasha iliyofungwa, na ihifadhiwe kwenye kasha la fedha la ofisi.

Waliobaki na mifumo miwili watakutana na jambo moja la ajabu: saa ya Windows itarudi nyuma saa tatu kila inapofunguliwa baada ya Linux. Si betri iliyokufa. Windows huichukulia saa ya ndani ya mashine kuwa ni ya hapa, wakati Linux huiweka katika saa ya kimataifa, na eneo letu liko mbele ya hiyo kwa saa tatu kamili. Fungua dirisha la amri la Linux, andika timedatectl set-local-rtc 1, na tatizo litakwisha.

Siku ya kwanza baada ya kuhamia

Kabla ya kurudisha mafaili, fanya mambo matatu. Washa Timeshift, ambayo huchukua picha ya mfumo ili uweze kuurudisha ulivyokuwa jana endapo sasisho litaleta kasoro. Haihifadhi nyaraka zako, kwa hiyo nakala za diski ya nje ziendelee. Washa kinga ya mtandao kwa amri ya sudo ufw enable. Kisha fungua kidhibiti cha masasisho, uchague hifadhi ya programu iliyo na kasi zaidi kutoka mahali ulipo, na usasishe kila kitu.

Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, jambo ambalo kwetu si la kubahatisha, usikimbilie kusakinisha upya. Washa kompyuta, fungua dirisha la amri, uandike sudo dpkg --configure -a, na mfumo utamalizia ulipoishia. Mara nyingi inatosha.

Utaona pia jambo litakalokufurahisha mtu wa kwanza atakapokuletea flashi kutoka steshenari. Vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato mahali pake havina pa kushika ndani ya Linux, kwa kuwa vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na mafolda yaliyofichwa huonekana kama kawaida. Nimeokoa tasnifu mbili za wanafunzi kwa njia hiyo. Hata hivyo usiichukue kuwa kinga dhidi ya kila kitu: barua pepe ya ulaghai inayoomba nywila ya benki humlaghai mtu, na mtu huyo ni yule yule katika mfumo wowote.

Ofisini

Usianze na meneja, wala usianze na anayependa sana kompyuta. Anza na yule ambaye wenzake humwendea wakikwama, maana akiizoea Linux, nusu ya maswali hayatakufikia. Mpe wiki mbili peke yake. Baada ya hapo hamisha wawili wawili, na usihamishe mtu yeyote karibu na tarehe 20 ya mwezi, ambayo Tanzania na Kenya kwa pamoja ni siku ya mwisho ya ritani za VAT, wala wakati wa kulipa mishahara.

Kila mtumiaji awe na akaunti yake isiyo na mamlaka ya msimamizi, na nywila ya msimamizi iwe kwa watu wawili tu. Kwa kila mashine andika kwenye daftari aina yake, toleo lililosakinishwa, tarehe, printa iliyounganishwa na tatizo lolote lililojitokeza na namna lilivyotatuliwa. Daftari hilo lilinifaa kuliko mafunzo yoyote, kwa sababu tatizo la mashine ya tatu lilijirudia kwenye ya nane.

Gharama ya intaneti nayo ina dawa. Kompyuta 11 zikipakua masasisho yale yale, bando huliwa mara 11. Sakinisha programu ya apt-cacher-ng kwenye mashine moja isiyozimwa mchana na uipe anwani isiyobadilika. Kwenye nyingine zote tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy lenye mstari huu, ukiweka anwani ya mashine yako:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Tangu hapo kila sasisho litapakuliwa mara moja tu kutoka nje, na kompyuta zinazofuata zitalichukua ndani ya ofisi. Programu za Flatpak hazipiti njia hiyo, kwa hiyo zisakinishe kwa uangalifu, na ikiwezekana usiku wakati bando ni rahisi.

Ile kompyuta moja ya Windows iliyoachwa kwa ajili ya programu isiyohamishika iondolewe kwenye intaneti kabisa, isitumike kusoma barua pepe wala kuchomekewa flashi za wageni, na mafaili yaingie na kutoka kupitia folda moja ya mtandao wa ndani. Ya kwetu iko kwenye meza ya dirishani. Hufunguliwa mara mbili kwa mwezi, kwa ajili ya vitabu vya wateja wawili ambao hesabu zao za zamani zimo ndani ya programu isiyo na toleo jingine, na mkataba wa mteja wa pili ukiisha nayo itafutwa diski yake na kuwekwa Mint.